Upande wa Baba

Mwanangu kitindamimba,

Pokea salamu za mama yako, ambaye magoti yamemgomea lakini mdomo bado mzima. Kifua chako kimepona? Unakula, au umebaki shati na mifupa?

Mwandiko usikushangaze. Leo ananiandikia jirani yangu mshonaji, maana barua hii sitaki binti yako aione. Nimemwonya asinipambie maneno.

Mwanao amekwama. Chuoni wanataka kompyuta yake iwe na mfumo endeshi mwingine, la sivyo kazi ya mwisho haifanyiki na mwaka anarudia. Kompyuta ni ile uliyomwachia, na mfumo wako umo. Basi anaingiza wa pili kando yake, kama wapangaji wawili chumba kimoja. Unaingia vizuri, ukikaribia kumaliza unagoma. Akiuwasha, weusi mtupu na kistari kinachopepesa kama jicho la mlevi. Mimi nimekaa kitandani natazama tu, mzee mzima sina faida. Nilimuuliza kama tukiipangusa vumbi itapona. Alicheka, kisha akalia, nikajuta kuuliza.

Tukamwita fundi. Akashuku flashi anayoingizia mfumo, akaleta yake; ikagoma palepale. Alipochungulia ndani akaguna. Akasema mtoto ameupa mfumo mpya kipembe tu, hata mguu hauenei, kwingine kote amemwachia baba. Picha na mafaili yako yanaweza kuhamishiwa pengine, lakini mfumo wako lazima ufutwe. Binti yako akamwambia akafute vya baba yake mwenyewe. Fundi wa watu akafunga begi. Tangu hapo mtoto anawasha, anazima, anarudia yaleyale, akisema siku ukirudi lazima ukute kila kitu ulivyokiacha.

Sasa nisikilize. Ile simu uliyonipigia, kwamba umeoa huko, una mtoto mchanga na huku hurudi tena, sijamwambia. Kila akiniuliza namjibu baba yuko njiani. Mdomo huu unaogombana mpaka na mwenye nyumba, umeshindwa na mtoto mmoja. Jirani ameacha kuandika, ananitolea macho. Nimemwambia aendelee, macho atayatoa baadaye.

Sikulaani. Nilikuzaa mwenyewe, nimlalamikie nani? Lakini hili limenizidi. Nikimwambia mimi hataamini. Atadhani bibi amechoka kusubiri. Mpigie wewe. Umwambie kwa kinywa chako kwamba hurudi, na kwamba upande wako aufute, umempa ruhusa. Usimtume mkeo, wala usimwandikie ujumbe mfupi kama mtu anayekimbia mvua. Atalia. Kulia niachie mimi, hiyo kazi naiweza.

Nisalimie mkeo, hana kosa. Huyo mchanga mwambie ana bibi mkali anayempenda kabla hajamwona.

Ni mimi mama yako, ambaye nikikupata nakuvuta sikio kwanza, ndipo nikukumbatie.