Mbuzi wa Bi Time na Mkutano wa Mataifa

Micheweni, Jumatano, 1960

Umesikitika, eti! Ndege za vita zimeua wanawake na watoto kijijini huko Aljeria, na mkutano wa mataifa, redio ya ofisini inasema, "umesikitika."

Asubuhi hiyo hiyo mimi karani nilimwandikia Bi Time samansi ya kuitwa shaurini, maana mbuzi wake kala muhogo wa jirani. Kabla ya adhuhuri alikuwa keshasimama mbele ya Bwana Mudiri, mtawala na hakimu wetu hapa, kujibu shauri.

Redio akaisikia naye. "Na hao waliowaua, wameshaitwa?"

"Hayo makubwa, Bi Time," akasema Mudiri.

"Ala! Kumbe kosa la mbuzi wangu ni kula kidogo."

Mudiri kaniamuru maneno hayo nisiyaandike. Basi nayaandika humu daftarini mwangu.