Nafasi Uliyoiacha kwenye Mkono wa Shati

Mama yangu kipenzi,

Nimeketi kukuandikia, na kabla ya mstari wa pili nimeshainuka kwenda kutazama jiko nililolizima tangu alasiri. Nimerudi, nikaenda dirishani. Ndia Kuu, njia yetu, iko vile vile ulivyoiacha, wauza vinyago wanafunga maduka, ila mimi ndiye siko vile vile. Kesho asubuhi mjukuu wako Rahma anatahiniwa kuogelea kwenye kundi lake la skauti, na ameniomba jambo nisilojua kama naliweza.

Nimelitoa shati langu la skauti sandukuni. Kaki imepauka, lakini beji zote zipo, vile ulivyozishona kwa uzi maradufu. Wenzangu wakipewa beji Jumamosi, Jumapili tayari iko mkononi mwa shati. Mimi nikipewa na kiongozi wetu, Bwana Mutua yule wa reli, kisha nikifika nyumbani mtihani unaanza upya. Ulikuwa ukiitia beji kwenye kopo lako la sindano, unasema, "Alokupa ni yeye. Mshonaji ni mimi. Haya, nionyeshe."

Beji ya upishi ilikaa kwenye kopo hilo mpaka kaimati zangu zikatoka mviringo. Bwana Mutua alitaka chai na uji tu. Wewe ulizitazama kaimati zangu za kwanza ukacheka hadi ukashika ukuta. "Hizi kaimati au viluwiluwi? Mbona zina mikia?" Kwa beji ya huduma ya kwanza nilimfunga bibi bendeji mguu mzima, nawe ukamwambia apande ngazi. Bibi alifika juu, bendeji ikabaki chini. "Rudia," ukasema. Beji ya mafundo ndiyo iliyoniliza. Uliyaanika mablanketi yaliyolowa kwenye kamba niliyoifunga mimi, yote yakaanguka vumbini, na mimi ndiye niliyeyafua tena. Nilikuchukia siku ile, nakwambia kweli. Lakini mpaka leo kamba nikiifunga, imefungika.

Kuogelea ndiko kulikotushinda. Bwana Mutua alijifunza mtoni, huko kwao Ukambani, na hilo lilikuudhi kuliko yote. "Mtu wa bara ndo akusomeshe bahari wewe?" Nilipozidi kukubembeleza ukaacha mzaha. Ulikuwa umeshika sindano, hukuinua macho. "Mimi maji hayajanipita kifundo cha mguu tangu nizaliwe. Ukizama, n'takutoa na nini?"

Wenzangu walikwenda, mimi nikabaki nyumbani nalia. Na uliposhona beji iliyofuata, ulipima kwa kidole ukaruka nafasi. Nikakuuliza hapo pa nini. "Pa kuogelea," ukasema. "Sijasema hutaipata. Nimesema mimi siwezi kusimama pale nikakutazama."

Niwie radhi, nilikuwa nimeinuka tena.

Rahma amekuchukua wewe mzima mzima, ukali na kicheko. Mtihani wao una sehemu ya kumvuta mtu majini hadi kwenye ngazi, kiongozi akiwa karibu na boya lake. Watoto wengine wamechaguana wenyewe kwa wenyewe. Huyu kanichagua mimi. "Wenzangu wote waweza kuogelea, Mama. Hiyo itakuwa mchezo. Mimi nataka mtu asiyejua kweli." Nikamtajia kifua changu, nikamtajia konyeza, wale wadudu wa baharini wanaowasha, mwisho nikasema siku hiyo nina wageni. "Wageni gani?" akauliza, nami sikuwa nimeandaa jina hata moja.

Wiki nzima amenifanyisha mazoezi kwenye mkeka wa sebuleni. Nalala chali, ananishika chini ya kidevu, ananiburuta hadi mlangoni. "Mama, wajikaza! Ukijikaza tutazama sote." Nikiulegeza mgongo, shingo inakaza. Nikiilegeza shingo, nagundua nimekunja ngumi.

Naogopa, Mama. Nikikataa, na mimi nitakuwa nimemwachia mwanangu nafasi kwenye mkono wa shati. Na nikikubali, kisha nikajikaza nikamzamisha? Hilo ndilo linaloninyanyua kitini. Nimemwambia nitamjibu alfajiri.

Sasa ni Jumamosi, adhuhuri, na karatasi hii inalowa kwa maji ya nywele zangu.

Nimekwenda. Tulishuka ngazi za pwani maji yakiwa yamejaa, mimi na dera langu na suruali ndani. Dera likajaa hewa likanipanda hadi kidevuni. Watoto wakacheka, na mimi nikacheka, nadhani kicheko hicho kilinisaidia. Lakini kiongozi aliponiambia niachie ngazi, mkono ulikataa. Rahma hakunibembeleza. "Haya, Mama, achia," akasema, sauti yako ile ile. Nikaachia. Maji yakaingia masikioni, sikusikia tena kitu, nikaona mbingu tu. Chini ya kidevu changu kulikuwa na vidole vyembamba vinanivuta. Nilijikaza mara moja, akanifinya, nikalegea. Halafu mgongo wangu ukagusa jiwe la ngazi.

Amepita. Tulipofika nyumbani nilichukua sindano papo hapo, maana mtihani wenyewe niliuona kwa karibu kuliko hata kiongozi. Nikiwa nashona, Rahma akaliona shati langu juu ya kitanda, akaweka kidole pale patupu, akataka kujua mbona. Nikamweleza. Nikamwambia na swali lako lile, "Ukizama, n'takutoa na nini?", kama ulivyoliuliza.

Alinitazama kwa mshangao, nywele bado zinamchuruzika.

"Si na mikono, Mama?"

Nimeona nikuletee jibu hilo, ingawa limechelewa. Mungu akulaze pema, na usinicheke sana huko uliko: nimeambiwa Jumamosi ijayo nirudi majini, safari hii nipige miguu mwenyewe, na tangu niambiwe sijaweza kukaa kitako. Nafasi yako sijaigusa. Sindano nimeirudisha kwenye kopo.

Mimi bintiyo, niliyelowa mpaka utosini,
Mama Rahma