Cheti Changu cha Gumbaru

Akinyi, wewe ni mjinga wa wapi? Muhula unaisha ndipo unaniuliza kama siku tatu za kukariri zitakupa alama nzuri! Sisi hapa Kisumu Ndogo tu wazima, babako anakusalimu.

Siku tatu zinaweza kukupa alama. Nilipoingia gumbaru, lile darasa la watu wazima, nilikariri ukurasa wa mtihani kama wimbo wa kanisa. Mwalimu akapiga makofi, "Mama, umepita!" Nikatundika cheti ukutani, nikaringa. Wiki hiyo ikaja barua ya mama yangu, na sikuweza kuisoma. Jirani alinisomea huku akikitazama kile cheti. Jumatatu nikarudi darasani, nikaanza tena na herufi a.

Najua umechoka, mjukuu wangu. Sasa weka barua hii chini, soma ukurasa mmoja, kisha mweleze mwenzako wa chumbani ulichosoma, kitabu kikiwa kimefungwa.