Sola za Kisima Ziko Kanisani

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Sola zimefika! Mawe ya kuzisimamisha tulibeba sisi wanawake wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, kwa mgongo, mpaka kisimani. Injini ya dizeli sasa ipumzike. Moshi wake umenikohoza vya kutosha, na maji yananuka mafuta hadi chai hainyweki. Fundi akaunganisha. Jua likapiga, maji yakatoka — bila kelele! Miche yangu ya machungwa itapona.
Mulwa, mwenyekiti wa maji, hakupiga makofi. Si ndiye anatuuzia dizeli hapa Kasikeu?

Ijumaa, 5 Septemba
Kanisa lina mkutano wa injili. Mulwa akaomba sola ziende huko wiki moja tu, za kuwasha spika. Muthoki, mke mwenzangu, akakataa katakata. Sisi wengine tukasema sawa. Nani anyime kanisa?

Jumapili, 14 Septemba
Mkutano umeisha. Badala ya kuzirudisha, pasta akaziombea zikiwa huko huko juu ya paa la kanisa! Eti tumemtolea Bwana. Semeni amina, akatuambia! Na mimi, mjinga, nikasema. Kwa sauti. Sasa kitu kikishaombewa hapa kwetu, nani atakigusa?

Jumatano, 17 Septemba
Bei ya dizeli imepanda. Injini imezimwa. Mulwa anasema tuvumilie, mafuta yanatoka mbali. Na jua je? Liko hapa hapa, linanichoma kisogo nikichimba mchanga mtoni kutafuta maji! Nimepata maji ya chumvi. Miche imekunja majani. Nikamwendea pasta. Akaniambia, mama, sadaka hairudishwi. Ni Mungu amesema ama ni Mulwa? Nilimeza hilo swali. 

Jumapili, 21 Septemba
Nusu ya miche imekufa. Iliyobaki haiwezi kungoja.
Naandika hapa nje, nyuma ya kanisa, mguu mmoja nimekanyagia ngazi isiteleze. Ndani wanaomba Mungu atupe maji. Kwa spika! Kwa sola zetu! Woi, hata aibu hawana. Muthoki yuko juu ya paa na spana. Ananong'ona, nifungue waya gani kwanza? Nimemwambia ule wa spika.
Spika imezimika.
Namsikia pasta ndani akigongagonga maikrofoni. Wamama wawili wa mwethya wametoka, wametuangalia. Mmoja amekuja kushika ngazi upande ule mwingine. 
Mulwa naye huyu, mlango wa nyuma, na Biblia yake. Basi, naweka kalamu niipokee sola.