Nimepiga Shoti, Mwanangu Anasema Alitania

Jumamosi, mwezi wa kumi na moja. Jua limechoma tangu asubuhi kama lina kisasi na mtu, upepo umetujaza vumbi mpaka kwenye vikombe, na upande wa kaskazini mawingu yanajikusanya halafu yanatawanyika. Mapaja yananiuma. Nimekasirika. Kwa hiyo naandika.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: ukurasa huu alinifungulia mjukuu wangu Zuhura, ana miaka kumi na miwili, alipochoka kunisikia nikigombana na kuta. Akaniambia, Bibi, yaandike. Mimi nimeishia darasa la nne, naandika kwa kidole kimoja, na asiyependa herufi zangu asisome.

Nipo Ipagala, mjini, kwa mwanangu Jumanne. Nyumba ina vigae, ina bomba ndani kwa ndani, ina geti linalofunguka kwa kubonyeza kidude. Kidude anacho yeye. Asubuhi anakwenda ofisini kwake Mtumba, mkewe naye kazini, Zuhura shule, geti linafungwa nyuma yao. Ninabaki na televisheni. Upo mlango mdogo wa pembeni wa kupita kwa miguu, lakini ufunguo wake unalala mfukoni mwa Jumanne.

Mwaka mzima sasa.

Alinileta baada ya presha kuniangusha shambani kwetu, Kondoa. Nililala kwenye matuta tangu asubuhi, jua likanipita kichwani, mpaka jirani aliyekuwa akitafuta mbuzi wake akaniona. Sikatai, ilikuwa mbaya. Ila dawa nameza, daktari kasema nimetulia, na Jumanne wimbo wake ni ule ule, "Tuone kwanza, Mama." Anaona nini? Msimu mmoja umeshanipita. Nikikosa na huu, shemeji zangu watalilima lile shamba, na kwetu mtu akishalima misimu miwili, kumtoa ni ugomvi wa kuingia nao kaburini. Shamba lile nimelifyeka mimi na marehemu mume wangu, kisiki kwa kisiki. Mvua ziko mlangoni. Hilo tu ndilo linaloninyima raha, mengine ni kelele.

Sasa farasi.

Zuhura anafundishwa kupanda farasi kila Jumamosi, kwenye shamba la mtu, upande wa barabara ya kwenda Buigiri. Mambo ya watoto wa mjini. Mimi nilikuwa nachukuliwa kama kikapu, ili nisiachwe peke yangu. Nawekwa kwenye kiti cha plastiki nje ya uzio, natazama mtoto anavyozungushwa. Kutembea aliweza. Matiti, ule mwendo wa kudundadunda, aliuweza pia. Ilipofika shoti ndogo, ambayo mwalimu anaiita kanta, farasi anapoacha kudunda na kuanza kubembea mbele, mtoto alilalia shingo ya mnyama akalia. Nikamfokea nikiwa kwenye kiti changu. Nikasema anatuaibisha, mimi umri wake nilikuwa nakwenda kisimani juu ya punda bila hata tandiko.

Mwalimu wake ni Ndahani, Mgogo, mtu mzima mwenye mdomo. Hakunijibu kwa hasira. Aligeuka taratibu, akafungua kilango cha uzio, akakishikilia.

"Bibi, uzio una mlango. Ingia basi utuoneshe."

Wazazi wengine waliokuwa pale wakacheka. Ningefanyaje? Niliingia.

Walinipandisha kwa kunisukuma kama gunia la mtama, nikiwa na suruali ya mazoezi niliyoazimwa pale pale ndani ya dera langu, na kofia ngumu juu ya mtandio. Nikakaa kama ninavyojua. Kwetu punda hakaliwi katikati. Unakaa nyuma kabisa, kwenye matako yake, miguu inaning'inia, mkononi fimbo, hatamu hakuna. Basi nikajisogeza mpaka ukingo wa nyuma wa tandiko nikaomba fimbo. Ndahani alicheka mpaka akainama. Alisema, Bibi, huyu ni Asali, si punda wa maji wa Kondoa, ukikaa huko unamwambia kwamba umechoka unataka kushuka. Kweli, yule jike alisimama hapo akaanza kutafuta majani.

Siku hiyo nilizunguka mara mbili kwa kutembea, nikashuka nikijifanya nimezoea.

Jioni mezani Zuhura akamwambia baba yake yote. Jumanne alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Nikaona pengo, nikapita. Nilimuuliza kama mtu anayemudu farasi anaweza kushindwa na jembe. Akajibu, bado anacheka, "Mama, siku nitakayokuona unapiga shoti, nitakupeleka Kondoa mwenyewe."

Mimi sikucheka. Nilimtazama Zuhura, nikahakikisha kasikia.

Tangu hapo zimepita Jumamosi tano. Jumanne anatushusha, anakwenda zake sokoni, anaturudia adhuhuri. Hakujua kwamba anayefundishwa kwa bidii ni mama yake. Kukaa katikati nilijifunza. Kuweka miguu kwenye vile vikuku vya kukanyagia nilijifunza. Mwendo wa matiti ulinipiga mgongo kama mtwangio, nikauzoea. Shoti ndiyo ikanikatalia. Nikimgusa Asali kwa visigino anakaza mwendo, nikidhani sasa anaondoka, anarudi kwenye matiti. Jumamosi ya pili hivyo, ya tatu hivyo, ya nne hivyo. Nikamwambia Ndahani farasi wake mvivu. Nikamwambia na yeye hajui kufundisha. Niliwalaumu wote waliokuwepo, na upepo pia.

Jumamosi iliyopita akanisimamisha, akagusa ngumi zangu. Hatamu nilikuwa nimezivuta mpaka kifuani. Akasema visigino vyangu vinamwambia mnyama aende na mikono yangu inamwambia abaki, sasa yeye amsikilize nani?

Nilizishusha ngumi bila ubishi. Wanaonijua wanajua si kawaida.

Niseme ukweli, maana hapa naandika bila kutazamwa usoni. Nilikuwa naogopa. Muda wote huu namfokea mtoto kwa woga wake, kumbe nilikuwa navuta hatamu kwa woga ule ule, na nikamwita mnyama mvivu. Zuhura aliona. Hakusema kitu, alinipa maji tu. Nilitamani aseme, nipate sababu ya kufoka.

Leo sasa. Tulipofika nikamwambia Jumanne asiende sokoni, ashuke, akae kwenye kile kiti changu cha plastiki. Akatii. Aliponiona napandishwa juu ya Asali alisimama, Zuhura akamvuta shati akae.

Nikatembea mzunguko mmoja. Nikaingia matiti. Ndahani alikuwa katikati, hasemi. Nilipofika kwenye kona ya upande wa kaskazini nikaegemea nyuma kidogo, nikagusa visigino, na mikono nikailegeza. Niliilegeza kweli, kama mtu anayemwachia mtoto aende dukani peke yake kwa mara ya kwanza.

Asali akaondoka.

Sijui niseme nini kwa mtu ambaye hajawahi. Kudunda kunakoma. Kunakuwa na kubembea, mbele, mbele, mbele, na upepo unaingia kwenye dera. Ukiwa chini, vichaka vya miba vya nyuma ya uzio vinakufichia kila kitu. Ukiwa juu ya farasi anayekwenda, unaona ng'ambo, unaona milima na mawingu ya upande wa kwetu. Nilizunguka mara moja. Nikaanza ya pili. Nilisikia mtu anacheka kwa sauti na nilikuwa mimi.

Nikamwona Jumanne ndani ya uzio.

Alikuwa ameruka, na viatu vyake vya ofisini. Alikuja mbio, mikono mbele, akadaka hatamu karibu na mdomo wa mnyama. Asali akatupa kichwa juu, akakita miguu ya mbele akasimama ghafla, mimi nikatupwa shingoni kwake. Sikuanguka. Nilimkumbatia yule jike kama ndugu. Kofia ilinifunika macho, na nilisikia Ndahani akiongea polepole sana.

"Kaka, mwachie. Alikuwa salama. Ungemuua mama yako kwa kumwokoa."

Nilipoinua kofia nilimwona mwanangu. Midomo ilikuwa imekauka, hatamu bado kaing'ang'ania. Ni mtu mwenye watu chini yake ofisini. Akawa ananiangalia kama siku ile aliponikuta wodini. Nilimwonea huruma, nakiri. Halafu nikakumbuka shamba.

Nikamwambia nikiwa bado juu: nimepiga shoti, umeniona. Tunaondoka lini?

Akasema, "Mama, ule ulikuwa utani."

Mbele ya Ndahani. Mbele ya mtoto wake mwenyewe.

Nilishuka bila kushikwa. Kwenye gari niligeukia dirisha mpaka Ipagala. Zuhura ndiye aliyesema. Kainama kwenye simu yake, akasema kama anajisemea, "Baba, mimi nilikusikia. Hukusema ni utani." Jumanne akaongeza sauti ya redio. Tulipofika akabonyeza kidude, geti likafunguka, tukaingia, geti likajifunga nyuma yetu. Mlio wake naujua sasa kama adhana.

Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani na vumbi langu. Chakula nilikataa. Naambiwa nina kiburi. Ninacho, na ndicho kilichobaki, vingine wamevipakia kwenye mabegi.

Alasiri alikuja. Hakubisha hodi, alisimama mlangoni. Nilidhani ataomba radhi, nikawa nimeshaandaa maneno makali. Akasema kwamba kila akifumba macho ananiona kwenye yale matuta. Nikamwambia mimi nikifumba macho nayaona pia, lakini nayaona yamelimwa. Akaingiza mkono mfukoni. Kisha akaweka kitu juu ya meza, karibu na dawa zangu, akaondoka.

Ufunguo wa mlango mdogo.

Ninao hapa, upo mkononi wakati kidole cha mkono mwingine kinaandika. Mkwe wangu kapita akatabasamu, akasema, umeona Mama, mwanao anakupenda. Najua ananipenda. Nani kasema hanipendi? Visigino vyake vinasema nenda, mikono imevuta hatamu mpaka kifuani. Nilimdai Kondoa, amenipa geti.

Na la aibu zaidi niliseme hapa hapa: saa nzima imepita na sijaufungua huo mlango. Mwaka mzima nimeulilia. Nimeketi nao tu, nautazama. Huko nje Ipagala simjui mtu, barabara sijui inapokwenda, na miguu imezoea vigae. Ndahani angeniona angecheka. Angesema, Bibi, legeza mikono.

Basi nimeamua hivi. Asubuhi, wakiwa bado kwenye chai, nitaufungua mimi mwenyewe. Nitauliza njia kwa atakayepita, nitakwenda sokoni kwa miguu yangu, nitafika kwa wauza pembejeo, nitanunua mbegu za mahindi na za alizeti za kutosha shamba lile lote. Nitarudi nazo. Nitazimwaga kwenye meza yake ya kioo, pale anapowekea tarakilishi yake, zijae mpaka zimwagike sakafuni.

Nione kama atasema na mbegu ni utani.