Mfupa Umeishika

Tunduma, Jumamosi

Shikamoo baba,

Huku upepo ni wa baridi na vumbi halituachi, ila mwanao ana furaha.

Kuna jambo nilikuficha ili upate usingizi. Ile skrubu ya jino waliyonipandikizia kwenye taya, baada ya ng'ombe wa plau kunipiga pembe na kuning'oa jino, mfupa ulikuwa unachelewa kuishika. Nilijua itatolewa. Daktari akasema tujaribu kuusaidia mfupa kwa ultrasaundi.

Nikamwambia, "Daktari, mimi sina mimba."

Akacheka. Akaeleza kwamba hii haipigi picha, bali mawimbi yake yanausisimua mfupa taratibu ili uote. Basi kila siku nilipakwa jeli shavuni, nikakaa na kile kimashine bila kuhisi chochote, na moyoni sikuamini.

Jana alipiga eksirei, akaijaribu skrubu. "Mfupa umeishika," akasema. "Siwezi kuapa kwamba ni mashine tu, lakini hii haitoki."

Nikatoka nje nalia. Mama mmoja wa Zambia aliyekuwa kwenye foleni akadhani nimeumizwa, akanikumbatia. "Pole, mayo," akaniita mama kwa lugha ya kwao, "yataisha." Nilipomweleza tulicheka sana, na ingawa pengo bado lipo, sikuziba mdomo kwa mkono.

Jino lenyewe nafungiwa Jumatatu. Mungu awatunze hapo Msangano, na mwambie mama nikirudi asinikorogee tena uji. Anichomee mahindi.

Binti yako akupendaye,
Tusa