Alama Tisa Kati ya Kumi

Mama yangu,

Nyumba ya Kwihara bado imesimama. Kaka Mathayo ameufunga mlango kwa kamba. Karanga zako zimekomaa na hakuna wa kuzing'oa. Mimi niko Tabora mjini, katika chumba changu cha shuleni, na walimu wenzangu huongea nami polepole kana kwamba nina homa. Sijawaambia neno. Nakuambia wewe.

Unakumbuka... Tazama, nimeanza tena. Mwaka wote ule sikuwa na neno jingine la kuanzia.

Ulipoanza kutia chumvi mara mbili na kumwita Mathayo kwa jina la marehemu baba, kaka alitaka uhamie kwake Kigwa, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Ukamwambia, "Mimi si mzigo wa kutiwa behewani." Nami, msomi wenu, nikasema tupime kwanza. Nilikuwa nimemwona daktari Mzungu hospitalini akimwuliza mzee mmoja maswali. Nikatunga yangu kumi. Leo ni siku gani? Tumo mwezi gani? Taja wanao. Nikakupa maneno matatu, shoka, chumvi, asali, nikangoja maji yachemke, kisha nikakutaka uyarudie. Mara ya kwanza ulipata alama nne. Ulinitazama kama watoto wangu wa darasani wanavyonitazama, nami nikaandika nne.

Kila Jumamosi nilikuja kwa miguu, nikakukuta umevaa kanga safi, unaningoja. Sita. Saba. Mwezi wa tatu ukapata tisa. Swali moja hukulijali kamwe, lile la jina la Mfalme wa Uingereza. "Kwani yeye ananijua mimi?" Ukacheka mpaka ukashika ubavu. "Haya, Mwalimu, zawadi yangu iko wapi?"

Nikamwandikia Mathayo: Mama ana akili zake, mwache akae kwake. Akaniamini, kwa sababu mimi ndiye niliyesomeshwa.

Halafu ile Jumatano ya mvua. Walikupata jioni kwenye njia ya zamani ya misafara, umelowa, huna viatu. Kifua kikakubana. Siku ya tano ukatuacha. Mathayo alisema hata mtu mwenye akili timamu hunyeshewa.

Baada ya matanga nilikwenda kwa jirani yako, Mama Kalunde, kuchukua kinu chako. Akaniambia kwa majivuno, "Mwanangu, mama yako alikuwa mwanafunzi hasa! Wiki nzima tunatwanga kwa maneno yako, shoka, chumvi, asali. Akikosea nampiga kofi la mgongo, tunacheka. Alisema akishindwa mtampeleka Kigwa." Nikamwuliza, je, na lile swali la siku, wewe Mama ulilijibuje? "Aa, hiyo ndiyo nyepesi. Nilimwambia, ukiulizwa sema Jumamosi. Mwalimu haji siku nyingine."

Kisha akaacha kucheka.

"Alfajiri ya ile Jumatano alipita hapa. Akaniambia leo Jumamosi, anakwenda kumpokea mwanawe njiani. Nikadhani anajikumbusha masomo."

Mama, sikubadilisha swali hata moja. Darasani nisingempa mtoto mtihani uleule wiki hadi wiki. Kwako nilifanya hivyo, na kila nilipokuja nilifurahi. Labda niliitaka ile tisa kama wewe ulivyoitaka. Wewe angalau ulijua unachokifanya: ulikuwa ukiulinda mlango wako. Mimi sijui nilikuwa nikipima nini. Woga wako, nadhani. Woga wa kuniona nikiandika nne tena.

Nimejaribu kukukasirikia, nimeshindwa. Nimejaribu kumkasirikia Mama Kalunde, naye alikuwa nawe siku sita za wiki nisizokuwepo.

Mathayo hajui. Huniandikia barua fupi, husema amebaki na mimi tu, na mimi sina mwingine ila yeye. Ningeweza kunyamaza. Mama Kalunde ameapa hatasema. Lakini kaka hujilaumu kwamba hakukuchukua kwa nguvu, na mimi namwacha ajilaumu, kwa sababu naogopa kukaa peke yangu duniani.

Pumzika, Mayu, mama yangu. Hapo ulipo hakuna wa kukuuliza kitu. Kesho nitapanda treni ya Kigwa. Nakuahidi, nitamwambia yote nikiwa nimesimama, kabla sijapokea maji ya kunywa mkononi mwake. Akinifungia mlango, nitakaa stesheni mpaka treni ya kurudi.

Mwanao,
Agnesi